Nguchiro na Ukoko wa Mama

Alikuwapo Nguchiro mmoja aliyekitilia shaka hata kivuli chake. Huko ugenini Fisi aliwahi kumlisha nyama mbovu, na tangu hapo hakutia kitu mdomoni kabla mwenye chungu hajaonja.

Siku aliyorudi kwao, mama yake alimpikia wali wa nazi na kunde. Jamaa wakanawa, wakaketi mkekani kulizunguka sinia.

"Mama, toa uchawi kwanza," akasema Nguchiro.

Mama akamega tonge, akala. Nguchiro akamtazama koo mpaka tonge likashuka.

"Na shangazi je?"

Shangazi akala huku amenuna. Kisha akamtupia mama jicho, na shaka ya Nguchiro ikazidi. Huenda hawa wawili wamekwisha kunywa dawa ya kujikinga. Akataka dada zake nao waonje, tena upande wake yeye wa sinia, kisha wajomba, kisha mama tena. Wali ulikuwa mtamu, hakuna aliyejivunga.

Aliporidhika kwamba wote wangali hai, sinia lilikuwa jeupe.

Njaa ikamsukuma jikoni. Mama alikuwa akikwangua ukoko chunguni, akampa kipande cha moto. Nguchiro akakitafuna, akamwegemea mama yake begani, na mwili wote ukamlegea.

"Huo hajauonja mtu," mama akamwambia.

Nguchiro akageuka, akautazama mlango kwa jicho la wasiwasi.

"Basi nipe wote, Mama," akanong'ona, "kabla hawajaja kuuonja."