Meri Imejaa Mombasa

Ngendo, jirani wa upande wa juu, anaapa alisikia kwa masikio yake mwenyewe, kwenye baraza ya chifu pale Kiganjo, mbele ya watu wote.

"Chifu amesema Meri amejaa," alimwambia Murugi juu ya ua. "Ati amesimama huko Mombasa na mzigo, hana mahali pa kushusha. Mpaka serikali imeingilia."

Murugi aliweka jembe chini. Binti yake Meri alikwenda Mombasa kulea watoto wa watu, na tangu Krismasi hawakuwa wamepata hata salamu.

"Serikali imemjulia wapi?"

"Wamebadilisha sheria, mama! Zamani mzigo kama huo lazima upande treni. Sasa hata lori inaweza kuleta."

Kingori, mume wa Murugi, alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo angewekwa kuwa mkubwa wa wazee. Aliposikia, alitoa mnyororo wa fahali akafunga nao geti.

"Mimi sina mtoto anaitwa Meri," alisema. "Akikuja hapa na tumbo, atarudi nayo."

Akina mama wa kanisa walikuja kuomba. Mmoja alileta nepi. Watiri alikaa mpaka wenzake wakaondoka, ndipo akauliza polepole kama sheria hiyo inafika Nakuru, kwa sababu binti yake wa huko pia amejaa.

Kingori hakuvumilia. Alivaa koti, akaenda kwa chifu kuuliza ni adabu gani kutangaza tumbo la binti ya mtu barazani.

Chifu Mutahi alimtazama. Kisha alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Kingori! Mimi nilisema meri. Meri! Ile ya maji!"

"Meri wa maji ni nani?"

Ilibidi karani aache kazi yake. Alikuwa Shariff, Mswahili wa Majengo, na ulimi wake ulikuwa hauchanganyi l na r.

"Meli, mzee. Me-li. Chombo cha baharini. Bandari imejaa, meli zinangoja nje na mbolea yenu ya kahawa. Treni zimeshindwa. Lori zilikuwa haziruhusiwi safari ndefu hivyo, sasa sheria imezifungulia." Akainua kidole. "Lakini mizigo tu. Abiria hapana."

Kingori alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani kama mlevi. Mnyororo aliufungua mwenyewe, akaurudisha kwa fahali. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kinashika mbavu, na watoto walikuwa wakimwita Ngendo "Mama Meri ya Maji."

Murugi tu hakucheka. Aliendelea kuanika blanketi za Meri.

"Wewe, hujasikia ni meri?" Kingori alimwuliza.

"Nimesikia," alisema Murugi, akageuza blanketi upande wa pili.

Jumapili Kingori aliwekwa kwenye kiti chake kipya. Akasimama mbele ya kanisa, akapangusa machozi ya kicheko.

"Ndugu zangu, nilikuwa nimefungia mashua geti! Sasa nasema hivi: hiyo Meri ikuje, na mzigo yake yote. Mimi mwenyewe nitaishusha, na mikono yangu hii!"

Vigelegele vilitikisa mabati.

Lori ya kwanza ilipofika kwenye stoo ya kahawa, kanisa lote lilikuwa limekuja kuona Kingori akitimiza neno lake. Alikuwa amekunja mikono ya shati na kuweka gunia tupu begani. Chifu alikuwepo. Ngendo alijificha nyuma, asichekwe tena.

Dereva aliruka chini, mwekundu kwa vumbi. Aliitwa Jumaa.

"Kingori ni nani hapa?"

"Mimi!" alisema Kingori, na watu wakapiga makofi.

"Mbolea iko nyuma, mzee. Lakini anza na huu wa mbele. Polisi wote wa njiani nimewaambia ni mzigo, na hakuna hata mmoja aliyebisha."

Akafungua mlango wa upande wa pili. Lilitangulia tumbo, ukafuata mguu unaotafuta pa kukanyaga, halafu mikono miwili iliyonyooshwa.

"Baba," akasema Meri, "nishushe."