Mpira wa Gongo

Fundi alizima mashine yake ndogo ya kusagia, akapapasa kwa kidole ndani ya mguu wa bandia wa mti. Kinundu kilikuwa bado kipo, palepale kilipomchubua Yuliana.

"Jiwe hili la mashine linaunguza mbao," alisema. "Nataka kichwa kidogo cha msasa, cha kuingia humu ndani. Nimezunguka maduka yote ya Morogoro. Wanasema kiagizwe Ulaya."

"Kitafika lini?"

"Labda baada ya masika."

Yuliana alitazama milima dirishani. Huko juu, Mgeta, shemeji zake walikuwa wakilima shamba lake la kabichi tangu apoteze mguu, na sasa walikuwa wameanza kuliita lao.

"Hicho kichwa ndani kina nini?"

"Mpira tu. Msasa unazungushiwa juu yake."

Yuliana aliinua gongo lake la kutembelea, akashika mpira mweusi wa chini, akauvuta mpaka ukachomoka. Akauweka mezani.

"Chonga huu."

"Gongo bila mpira litateleza, dada. Ukianguka kwenye mawe ya kule?"

"Kule sipandi na gongo tena."

Fundi aliuchonga, akautoboa katikati, akauzungushia kipande cha msasa kwa gundi. Gundi ilipokauka, akaupachika kwenye mashine, ikanguruma. Unga laini wa mbao ulimwagikia magoti ya Yuliana, wala hakuupangusa.

Kinundu kilipokwisha, alivaa mguu, akakaza mikanda, akasimama.

"Lori la Mgeta linaondoka saa ngapi?" aliuliza, akiwa ameshafika mlangoni.