Ramani ya Viota

Kwa miezi mitatu Bi Mashavu, mjumbe wa kujitolea wa kamati ya mazingira ya mji, alizunguka kinamasi akichora kila mti wenye kiota cha korongo, ili mkaguzi akija azuie ujenzi wa nyumba uliopangwa hapo. Ramani akamkabidhi mwenyekiti, Bwana Lukindo, ambaye walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka kumi.

Siku ya ukaguzi alikuta visiki vibichi. Miti aliyoichora ndiyo pekee iliyokatwa.

"Sioni kiota," mkaguzi alisema huku akiandika.

Bi Mashavu alimgeukia Lukindo. "Nilikupa wewe peke yako."

"Dada yangu, watu wanahitaji nyumba," alijibu kwa upole.

Bi Mashavu alichutama, akaokota ganda la yai lililokuwa bado na unyevu, akamwekea kiganjani. Lukindo alibaki ameshika, mkono wazi, asijue aliweke wapi.