Vichwa vya Wanawake

Homa ilipopita mjini, Kwautli mchoraji aliamriwa na wakubwa awachore wafu wote kwenye karatasi moja ya gome la mti. Akafanya kama alivyofundishwa na baba yake. Kila mwanamume alimchorea kichwa, na juu ya kichwa, kwa uzi mwembamba, akaning'iniza picha ya jina lake: sungura, jiwe, mkia wa nyoka. Wanawake aliwachora kichwa tu, chenye mashungi mawili ya nywele juu ya paji la uso. Jina la nini? Wasichana waliitwa kwa zamu ya kuzaliwa, na kila nyumba ilikuwa na Shoko wake, kitinda mimba.

Siku ya tatu mkewe, Teyakapan, aliingia akapiga magoti mbele ya karatasi.

"Baba Shoko, nionyeshe mwanangu."

"Yumo. Nilimchora jana kwa mkono wangu huu huu."

"Jirani yetu umemwekea sungura wake, namwona. Mwanangu ni yupi?"

Kwautli akainama. Vichwa arobaini na vitatu vya wanawake, vyote vimegeukia upande mmoja, vyote na jicho lile lile. Alikumbuka kwamba alilia alipokuwa akimchora, akatafuta mstari uliotetemeka. Haukuwepo. Mkono wake ulikuwa umeizoea mno kazi.

Akachovya brashi kwenye wino ili amwekee jina, kisha akabaki ameishika hewani. Tone likajikusanya kwenye ncha, likaangukia kichwa kimoja katikati ya safu.

"Ndiye huyo?" mkewe akauliza.