Chaki Mlangoni

Ovide alitemea mate kitambaa, akafuta neno BELRIVE kwenye mlango wa lori. Palepale akaandika GRAND PIN kwa chaki. Kisha akahamia lori la pili, akafanya kinyume chake.

Malori yote mawili yalikuwa meupe, yamefungwa lakiri, na madereva walikuwa kwenye foleni ya wali na maharage. Siku za kimbunga dereva haulizi maswali. Anasoma mji ulioandikwa mlangoni, anawasha gari.

Grand Pin ulikuwa mji wa Ovide. Belrive, wa Earline. Wote wawili walikuwa wasimamizi wa misaada, walianza kazi mwaka mmoja, na tangu hapo kila kizuri kilimwendea Earline. Kimbunga kilichopita alipata barafu kabla ya wote. Kile cha kabla yake akatolewa picha gazetini. Na asubuhi hii, mbele ya watu, mkuu wa uwanja wa misaada alikuwa ametangaza kwamba imebaki jenereta moja tu, nayo inakwenda Belrive. Ovide akapewa maturubai.

"Maturubai nifunike nini?" Ovide aliuliza. "Nyumba ya wazee haina umeme. Mama yangu yumo mle, anapumulia mashine, na betri mwisho wake saa kumi jioni."

"Belrive mji mzima hauna maji, pampu zimezima," mkuu alijibu. "Yako itakuja kesho."

Wivu ulimjaa Ovide. Kusema kweli, hata mama yake alimtoka akilini; alichokiona ni Earline tu, akishangiliwa na Belrive nzima.

Baadaye kidogo Earline alitokea upande wa malori, anapangusa mikono kwenye suruali, mapaja yamejaa vumbi jeupe.

"Usininunie bwana," alisema. "Nenda kale. Mambo yatakaa sawa."

"Kwako huwa yanakaa sawa siku zote, Bi Earline."

Earline akacheka, akaenda zake kupanga foleni. Kicheko hicho ndicho kilichompeleka Ovide kwenye malori, akaokota kipande cha chaki kilichokuwa juu ya bampa.

Safari nzima alikaa kando ya dereva akipiga mluzi. Saa tisa na nusu walisimama mbele ya nyumba ya wazee, na wauguzi wakatoka mbio na nyaya mikononi. Ovide alikata lakiri mwenyewe, akavuta milango.

Maturubai ya buluu, kutoka chini mpaka juu.

Alikuwa bado ameduwaa redio yake ya mkononi ilipokoroma. Alikuwa Earline, kutoka Belrive, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka hapo.

"Ovide, mbona jenereta imeshuka huku kwangu? Asubuhi nilibadilisha majina kwenye malori kwa mkono wangu mwenyewe, ije kwa mama yako."