Dakika Ishirini za Kombo

Kila alasiri Mwanahawa huketi jamvini, huvaa bangili ya kliniki, pacha wa ile ya mumewe, na kuyapokea maumivu yake. Sheria inamruhusu jamaa mmoja tu kuyabeba, kwa dakika ishirini za mazoezi ya mgonjwa, kisha maumivu yarudi kwa mwenyewe. Homa ya mbu ilimtoka Kombo mwaka jana, lakini ilimwachia magoti yasiyokunjika.

"Tayari, mke wangu?"

"Lete."

Yakamwingia magotini kama maji ya moto. Kombo akashika ukingo wa meza, akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena. Miezi mitatu nyuma hata kuinama hakuweza.

"Wewe unacheza ngoma, uchungu wa kuzaa naupata mimi," Mwanahawa akasema, wakacheka.

Muda ulipokwisha bangili zikalia. Kombo akakalia mbuzi, akaanza kukuna nazi.

"Siku hizi yakirudi siyasikii kabisa," alisema kwa furaha. "Kesho twende tukazirudishe hizi bangili. Nimepona."

Mwanahawa alijaribu kuinuka, magoti yakakataa. Jana pia yalikataa, mpaka magharibi. Akaitazama bangili yake. Iliandika kwamba maumivu yote yamesharudi kwa mwenyewe.

"Njoo basi uchuje tui, mbona umeganda hapo?"

Alitaka kusema anakuja. Akayasugua magoti kwanza, polepole, huku akimwangalia mumewe alivyokaa chini bila taabu.

"Kombo," alisema, "lile zoezi la kwanza kabisa, ulianzaje?"

Mkono wa Kombo ukasimama juu ya mbuzi, kifuu kikiwa bado kiganjani.