Misuko ya Nzigire

Tangu aletwe kutoka kambi ya wakimbizi, Nzigire hakuwa amemruhusu mtu kugusa kichwa chake. Misuko ilikuwa imefumuka, imejaa vumbi, na kesho shule inafunguliwa.

"Tufumue, mwanangu," alisema Bi Mwanaheri, aliyempokea nyumbani kwake.

"Alinisuka mama, kabla hatujapoteana. Ukifumua, nitabaki na nini?"

Bi Mwanaheri aliondoka kwenye kigoda, akavua kilemba, akaketi mkekani anapokaa anayesukwa.

"Basi nisuke mimi kwanza, kama alivyokusuka yeye."

Nzigire akapanda kigodani. Akazigawa zile nywele za mvi kwa kitana, akaanzia kisogoni kupanda juu. Alipomaliza, alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akashuka mkekani, akamrudishia kitana.

"Na wewe uanzie kisogoni," alisema.